Kura kwa Wafugaji Nyuki wa Zohali

Jumatatu, 6 Machi
Habari njema klabuni! Kampuni ya televisheni inatafuta riwaya ya zamani, ya sayari au ya mazimwi, iigeuze tamthilia. Itaanza na kitabu kitakachoshinda kura ya klabu yetu ya wasomaji hapa Duluth. Vimeteuliwa kumi, na kimojawapo ni Wafugaji Nyuki wa Zohali, cha Ardis Kvam. Ardis wangu! (Si wangu rasmi. Nakunywa naye kahawa tu, kwenye nyumba ya wazee anakoishi, mwaka wa kumi na moja sasa.) Alikiandika 1967, wakakinunua wachache, akarudi kufundisha hesabu. Daktari anasema macho yake hayatamaliza miaka miwili. Nataka awaone nyuki wake wakiruka kwenye kioo kabla ya hapo. Basi.

Jumanne, 7 Machi
Mwenyekiti wetu, Pelkey, anapigia debe Mazimwi ya Orlanda, juzuu saba. Saba! Ameshavaa na joho. Nikamwambia mbele ya watu kwamba zimwi linalohitaji juzuu saba ili life limeshindwa na mwandishi wake. Akajibu ati Zohali hakuna maua, nyuki watakula nini. Maua yapo, sura ya tatu! Mtu hajasoma kitabu, anakisema. Nikatoka kwa hasira bila koti, na nje barafu tupu.

Jumatano, 8 Machi
Njia imepatikana. Kila mwanachama ana kura, na aliyezidi miaka sabini na mitano anajiunga bure. Nyumba ya wazee imejaa hao! Nimeandikisha ishirini na watatu kwa nguvu ya donati. Bi Gunderson alidhani ni mchezo wa bingo, nami sikumsahihisha. Ardis akauliza nina njama gani. Nikasema sina. "Lyle, wewe ukidanganya masikio yanakuwa mekundu," akasema. "Hayo bado nayaona."

Ijumaa, 10 Machi
Kura zimepigwa. Klabuni kwetu hatuweki tiki. Tunavipanga vitabu vyote kwa namba: moja ndicho ukipendacho kuliko vyote, kumi ndicho cha mwisho. Nani asiyejua hilo? Wazee wangu niliwaambia tu wakipe cha Ardis heshima ya juu kabisa. Nimekula vizuri leo.

Jumamosi, 11 Machi
Aibu! Wazee wote ishirini na watatu wamempa Ardis kumi. Kumi kwa kumi, kama mashindano ya kuoka pai! Tumekuwa wa mwisho, mazimwi wameshinda. Pelkey akaja kunipa mkono. Akaninong'oneza kwamba baada ya ugomvi wetu alikwenda kusoma sura ya tatu, ikamliza, akawapa nyuki namba mbili. Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Akanirudishia na koti.

Jumapili, 12 Machi
Nimekwenda kuungama. Ardis alicheka hadi akashika mbavu. Kisha akaniambia taratibu kwamba televisheni anaiona ukungu mtupu tangu Krismasi, ila hakutaka kunivunja moyo. Nimeumia sana. Akanisogezea kitabu. "Nisomee wewe. Na usikimbie, hatufukuzwi." Nimesoma sura mbili. Alinishika mkono, hakuuachia hata nilipotaka kufunua ukurasa, nikafunua kwa kidevu. Nampenda. Haya, nimeandika.

Jumanne, 14 Machi
Tumefika sura ya tano. Nimemwapia Ardis kwamba njama sasa basi, nimekoma, nimeona cha mtema kuni. Amefurahi. Kwa kuwa tunaambiana ukweli, nikamtajia kwamba asubuhi nimeandikia kampuni nyingine, ya Toronto. Na kwa kuwa vitabu vya marehemu huchukuliwa haraka zaidi, nimewaarifu kwamba mwandishi ametutoka. Akauliza anazikwa lini, maana lazima apite kwa msusi kwanza.

Nimemwambia Jumamosi. Sasa natafuta ukumbi.