Malalamiko ya Mjukuu Anayesahaulika Kwenye Mlango wa Bibi Ghati

Njombe, 14 Julai 2025,
mwaka wa thelathini na nane tangu nitoke Nyangoto.

Kwa Katibu wa Tovuti ya Ukoo,
Ndugu Waitara, mwanangu,

Marahaba. Natanguliza jibu kwa kuwa najua ungeniamkia.

Ni mimi, baba yako mdogo Joram, mwalimu mstaafu wa fizikia. Ugomvi wa mipaka ulituhamisha, nami nikaishia huku kwenye baridi. Sasa ukoo umegawa viwanja vya boma jipya Ringwani, na kila aliye mbali ametakiwa aingie kwenye tovuti ajibu swali moja: utarudi? Nisipojibu hadi mwisho wa mwezi, kiwanja changu anapewa ndugu yetu Erasto, ambaye ng'ombe wake wameshaanza kulala humo. Nataka kujibu. Tovuti yenu hainipi nafasi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Naandika jina na nywila. Tovuti inafurahi: "Karibu Mzee Joram!" Nabonyeza "Jibu". Ukurasa unabadilika, na huo mpya unaniuliza: "Wewe ni nani?" Najitambulisha. Unanirudisha mwanzo, nakaribishwa upya kwa furaha ileile, nabonyeza, naulizwa mimi ni nani. Sijapata kuona mwenyeji anayemkumbatia mgeni mlangoni na kumsahau kabla hajaketi.

2. Kosa si langu. Nimechunguza kwa utaratibu niliowafundisha watoto wa watu: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Nilitumia simu, kisha kompyuta, kisha kivinjari kingine. Matokeo yaleyale. Nikafuta kumbukumbu zote za kivinjari, na kwa bahati mbaya mapishi ya keki ya mke wangu Beatrice yakaenda nazo. Ndipo nikasoma anwani iliyo juu ya ukurasa. Ninapoingia, anwani ina jina la Bibi Boke. Nikibonyeza, naelekezwa kwenye anwani yenye jina la Bibi Ghati. Tovuti ni moja, majina mawili.

3. Nilimpigia dada yangu Elieth, aliyebaki Matongo. Akanieleza kwamba kwenye kikao wajukuu wa Bibi Boke, mke mkubwa wa babu, walikataa tovuti iitwe Ghati, na wa Bibi Ghati, mke mdogo, wakakataa iitwe Boke. Basi mkaamua kila nyumba ipate anwani yake: watu waingilie kwa mkubwa, wajibie kwa mdogo. Mkapiga makofi, mkala. Mwanangu, tovuti humpa anayeingia alama ya kumtambulisha, na alama iliyotolewa na anwani moja haipelekwi kwenye nyingine. Kwa Bibi Ghati nafika mikono mitupu. Na Bibi Ghati ndiye aliyemzaa baba yangu!

Katika boma la babu, mgeni akitoka nyumba moja kwenda nyingine alisindikizwa na mtu wa kusema mlangoni, "Huyu ni wetu." Hata mnunuzi wa ngozi alisindikizwa. Mimi naachwa uani na mbwa.

Nilipomweleza hayo Elieth alicheka, nikamsikia akiweka simu chini, akaichukua tena. "Joram," akasema, "umezeeka hadi mashine imekuchoka?"

4. Mimi mwenyewe nimeelekezwa kutoka Nyangoto kwenda Tarime, Musoma, Tabora, mpaka Njombe, na popote nilipoulizwa nilijua mimi ni mtoto wa nani. Tovuti imeelekezwa mara moja tu, toka nyumba ya Boke hadi ya Ghati, uwanja uleule, na imesahau kila kitu.

5. Beatrice anadai kwamba kila nikikataliwa natoka chumbani nikipiga mluzi, kama mwanafunzi aliyeahirishiwa mtihani. Hii ni tuhuma, na naiandika hapa ili ikanushwe rasmi.

Naomba basi kila kitu kiwe chini ya anwani moja. Nyumba zikigoma, mlango wa Boke umkabidhi mgeni kwa mlango wa Ghati kwa alama ambayo yote miwili inaifahamu. Ikishindikana, nyumba mbili zichinje fahali zipatane, na fundi wa tovuti akae hapohapo akila huku anarekebisha. Ikishindikana tena, tovuti ifungwe na Elieth awekewe kiti langoni Ringwani; anatujua wote, na umeme ukikatika yeye hazimiki. Hilo nalo likishindikana, boma zima lihamie Njombe. Itakuwa rahisi kuelekeza boma kuliko kunielekeza mimi.

Nisalimie nyumba zote mbili, ukianza na yoyote, msigombane. Nisalimie Erasto, na ng'ombe wake pia.

Ni mimi, ninayejulikana kwenye mlango mmoja,
Mwl. Joram

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha umenipigia. Kumbe fahali amechinjwa kweli, na anwani sasa ni moja, inaitwa Ringwani. Nimeingia. Nimebonyeza "Jibu" na sikuulizwa mimi ni nani. Jina langu, la baba na la Bibi Ghati yote yamevuka pamoja nami. Nimeyasoma mara kadhaa. Chini yake lilikuwepo swali lenyewe, na sikuwa na hitilafu ya kulalamikia. Beatrice anapalilia viazi vyake hapo nje. Leo hajasikia mluzi, na hajauliza.

Kiwanja apewe Erasto, ng'ombe wake wamekizoea. Jina langu lisifutwe. Nimeshajibu.

Sitarudi.