Kabati Juu ya Kitanda cha Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe anakuja Jumamosi. Wiki mbili nzima! Miaka kumi na mmoja imepita tangu aulize, mbele ya ukoo wote, ni mwanamume gani huyu anayefanya kazi ameketi. Mimi ni fundi cherehani. Nilianza na cherehani moja mbovu, leo ninazo tano, na hakuna aliyenishika mkono. Kwake bado ni mtu wa kuketi.

Shemeji seremala, kaka wa mke wangu, ameleta kabati la ukutani kwa ajili ya chumba cha mama yake. Kilo kumi na nane. Akasema atakuja Ijumaa kulitundika, mimi nisijisumbue, nisije nikajichoma sindano. Mke wangu akacheka. Nimeliona hilo.

Nikajibu nitalitundika mwenyewe. Nimeshatamka!

Jumanne, 4 Machi
Nimenunua drili ya betri. Muuzaji kanihakikishia hata mtoto anaiweza.

Nyuma ya kabati kuna masikio mawili ya chuma, ya kuningʼinizia kwenye skrubu. Nikapima kwa utepe wangu, sikio hadi sikio: inchi 24. Nikaandika 25, kama afanyavyo fundi yeyote mwenye akili. Ukikata kipimo kavukavu, mteja atavaa nini?

Nikabonyeza. Drili ikanguruma dakika nne, ukuta haukutoa hata vumbi. Mke wangu akachungulia, akauliza kama ndivyo inavyotakiwa, kuzunguka kinyumenyume. Nikamwambia naipasha moto kwanza. Alipoondoka nikageuza kitufe.

Jumatano, 5 Machi
Matundu mawili safi! Nikakaza skrubu, nikaacha vichwa nje, nikanyanyua kabati. Sikio la kushoto likaingia. La kulia likaishia inchi nzima kabla ya skrubu yake.

Nikapima kabati: 24. Nikapima ukuta: 25. Nikaketi kitandani, jasho linanitiririka. Halafu nikaelewa. Mbao mbichi! Limesinyaa, kama pamba hafifu ikifuliwa. Na lawama atabeba nani? Mimi.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeanza upya, chini kidogo. Safari hii nimeongeza inchi moja na nusu, kufidia kusinyaa. Sikio limezidi kuwa mbali. Nikajaribu tena. Matundu sasa sita. Ukuta umekuwa chujio. Betri imekata roho mara mbili.

Shemeji akapiga simu, akauliza kama fundi amekwama. Nikamjibu limeshatundikwa, tena linapendeza. Kwa nini nilisema hivyo?

Ijumaa, 7 Machi
Sikio la kushoto liko kwenye skrubu. La kulia nimelifunga kwenye skrubu yake kwa mkanda wa kushonea mabegi, nimepiga mishono mitatu. Linashika. Nadhani linashika. Mto wa mama mkwe uko chini yake barabara. Nikauhamishia upande wa miguu. Mke wangu akaurudisha. Nikauhamisha. Akaurudisha, akaniuliza nina nini.

Jumamosi, 8 Machi
Amefika saa nne, kaletwa na shemeji. Moja kwa moja chumbani. Akalisifu kabati, akatia mkoba wake ndani. Mkoba una nini, mawe? Nikasikia uzi ukikatika. Nyuzi nazijua mimi.

Nikaruka, nikaketi kitandani, nikalipokea kabati kwa utosi. Nikatabasamu.

Mama mkwe akauliza, mkwe gani huyu asiyesimama kumsalimu mkubwa wake. Nikasema nimechoka kidogo. Akamgeukia binti yake: si alimwambia? Miaka kumi na mmoja, bado ameketi. Tena kitandani kwa mama mkwe wake! Natamani ardhi inimeze, lakini siwezi hata kuinamisha kichwa.

Dakika kumi na saba. Shemeji ndiye aliyeuona mkanda. Akaniondolea kabati kichwani, akapima, akayahesabu matundu kwa sauti, moja hadi sita. Akauliza inchi ya ziada imetoka wapi. Nikamweleza: ni nafasi ya mshono.

Kisha mama mkwe akacheka mpaka naye akaketi. Shemeji akalitundika kwa dakika tisa, kwa drili yangu.

Jumapili, 9 Machi
Nimetafakari usiku kucha. Kosa si langu. Shemeji anatengeneza vitu vya kubana mno.

Asubuhi mama mkwe akasema jua linampiga usoni, chumba kinahitaji pazia. Shemeji akafungua mdomo, nikamuwahi. Pazia ni kitambaa, na kitambaa ni changu! Fimbo ya kulitundikia nimeshaipima, inchi 60 kamili. Ukutani nimetia alama kwenye 61.

Betri iko kwenye chaji.