Kipande cha Chini

Mteremko alipata wazo lile akiwa amejibanza nyuma ya kabati la nguo, dukani kwake mwenyewe, huku Bibi Mwenye Nyumba akigonga mlango kwa mpini wa mwavuli.

"Toka, baba! Viatu vyako naviona!"

Ilikuwa kodi ya miezi mitano. Asipolipa, duka lingepigwa kufuli na makochi yote ndani. Mteremko aliuza fenicha kwa mkopo, na wateja wake walikuwa watu wa heshima sana: walimsalimia kila siku, ila hawakumlipa. Pale nyuma ya kabati akajiuliza, kwa nini nihangaike kuwadai mimi? Si nimuuzie mtu kazi hii?

Mtu mwenyewe alikuwa mwenye bucha wa mtaa wa pili, ambaye akisikia neno faida huacha kisu kikining'inia hewani.

"Mzee wangu," Mteremko akamwambia, suti imenyooka, sauti imelainika, "madeni ya wateja wangu wote nimeyafunga mzigo mmoja. Nunua mzigo. Wakilipa, wanakulipa wewe."

"Wasipolipa?"

"Ndiyo maana siuzi wote. Nabakiza kipande cha chini. Unalipwa wewe kwanza, mpaka pesa yako irudi na faida tuliyopatana. Kitakachozidi ndicho changu. Pakitokea hasara, inaanza kunila mimi."

Mwenye bucha akakuna kidevu. "Yaani na wewe umetia shingo humo?"

"Nzima nzima, mzee."

Moyoni, Mteremko alijua kipande chake hakifiki hata bei ya karatasi ambamo kimeandikwa. Noti zikahama mkono. Bahati mbaya, fundi seremala aliyekuwa akimdai alikutana naye njiani, akampunguzia mzigo wote wa noti. Tangu siku ile Mteremko hakukanyaga tena mtaa wa bucha. Hata sabuni aliifuata kwa kuzunguka mbali, maana aibu kidogo alikuwa nayo.

Majuma kadhaa baadaye Bibi akarudi, safari hii na kufuli mkononi.

"Mama, pesa taslimu sina, lakini nina mali," Mteremko akasema, akamweleza habari ya kipande cha chini. Bei aliipanga mwenyewe. Kitu cha namna hiyo hakina soko. Anayekimiliki ndiye anayekikadiria, na Mteremko hajawahi kukadiria mali yake kwa uchoyo. Alihesabu kana kwamba kila mdaiwa angelipa, hata waliokwisha kuhama mji.

"Kinazidi kodi yangu mara mbili?" bibi akauliza polepole.

"Mara mbili, mama."

"Hunidanganyi, mwanangu?"

"Nikudanganye wewe, mzazi wangu?"

Bibi akashusha pumzi kama mtu aliyeshindwa. "Haya, nipe. Kodi tumemalizana." Akatia kufuli kwenye mkoba. Alipotoweka, Mteremko alicheza peke yake katikati ya makochi mpaka akajigonga goti.

Furaha ikamtia ujasiri. Siku chache baadaye akapita bucha, akakuta foleni.

"Maini nusu kilo," mama mmoja alikuwa akisema.

"Deni la kochi umelipa?" mwenye bucha akauliza.

"Bado, mzee, mwisho wa mwezi..."

"Basi maini yameisha."

"Si hayo hapo?"

"Haya ni ya waliolipa."

"Jamani, nina wakwe nyumbani!" Lakini mkono ulikuwa tayari umeingia kwenye pochi.

Kwenye stuli, mbele ya foleni, alikuwa ameketi Bibi Mwenye Nyumba.

"Karibu, baba," akasema. "Mimi hununua nyama hapa kila siku. Nilianza kuyaona haya zamani, wewe ukiwa unazunguka mbali."

"Pesa yangu ilisharudi na faida yake," mwenye bucha akaongeza. "Sasa tunamlipa bibi."

"Imefika... mara mbili ya kodi?"

"Mara tatu," bibi akasema. "Na waliohama wameanza kurudi. Kumbe huko walikohamia nyama ni mbaya."

Mteremko akashika ukuta. Maisha yake yote alikuwa akiuongezea ukweli chumvi, na mara hii moja chumvi ilikuwa haijatosha.

Alipopata pumzi akasema, "Nina mzigo mwingine. Makochi mapya."

"Kipande cha chini changu!" wakasema wote wawili kwa pamoja.

"Changu, bibi! Yanayodai madeni ni maini yangu!"

"Na duka ni la nani?"

Mteremko akawatazama wakikunjiana uso. Akaachia ukuta, akafunga vifungo vya koti.

"Taratibu, wazee wangu," akasema. "Nani anaongeza?"