Kiuno cha Mwenyekiti

Jumatatu, 3 Machi

Nimemaliza. Madaftari kumi na moja ya vipimo vya wateja wa Mama, ukurasa kwa ukurasa, nimeyapiga picha na kuyaingiza kwenye seva yangu. Seva ni kompyuta kuukuu iliyokaa chini ya meza ya kukatia nguo. Mama huyafungia madaftari kabatini na ufunguo huuvaa shingoni. Nilimwambia nataka kuyapangusa vumbi.

Nikamtangazia Bi Pini, anayeshona na Mama tangu sijazaliwa na huongea huku pini zimejaa mdomoni, kwamba enzi za kupekua zimekwisha. Nikabonyeza nitafute vipimo vya mteja mmoja. Kompyuta ikajibu: huna ruhusa.

Mimi! Kwenye mashine yangu, katika nyumba niliyozaliwa! Kabla sijaiwasha upya Bi Pini alikuwa amekwishapata hipsi za mteja daftarini. Akasema msomi nipumzike, nisije nikajichosha.

Jumanne, 4 Machi

Nimelielewa tatizo. Programu ya kusomea madaftari inaishi ndani ya kontena, yaani boksi lake lenyewe, na haioni cha nje ila folda niliyoielekeza. Folda ni yangu: mimi ni mtumiaji namba 1000. Programu huingia kwa namba 999. Kompyuta haijui jina wala undugu. Inaangalia namba tu, kama bawabu anayekuona kila siku na bado anadai kitambulisho. Nililitafakari hili mbele ya chai mpaka ikapoa.

Nikahamisha umiliki wa folda kwa 999. Programu ikafunguka! Nikataka kuongeza ukurasa mmoja. Huna ruhusa. Nimejifungia nje ya kwangu na ufunguo nimempa mgeni.

Mama akauliza kompyuta yangu inaendeleaje. Nikasema inaelekea.

Jumatano, 5 Machi

Mtandaoni kuna watu wema. Mmoja ameeleza kwa subira: unda kundi, jitie wewe na 999, lipe kundi haki, wengine wote wazuie. Aya tisa. Mwingine kaandika: weka 777, ukalale. Maana yake yeyote asome, yeyote aandike, yeyote afute. Chini yake watu kumi na wanane wamemwonya. Nimeyasoma maonyo yote, maana mimi si mtu wa pupa.

Kisha nikaweka 777.

Imekubali! Kipimo cha bega nimekipata kwa sekunde nne. Bi Pini alitumia sita, lakini yeye alikuwa akipiga pasi.

Ni kwa muda tu. Nitarekebisha wikiendi.

Alhamisi, 6 Machi

Nilisahau televisheni.

Miezi iliyopita niliielekeza ile ya chumba cha kusubiria ionyeshe picha za magauni yetu kutoka kwenye seva, kila picha inayoruhusiwa kuiona. Tangu jana inaruhusiwa kuziona zote.

Saa nne akaja Mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, mwenye oda ya sare ishirini na mbili, oda kubwa kuliko zote mwaka huu. Alikuja na wanachama watano kujaribu sare. Wakaketi. Likapita gauni la bluu. Likapita la kijani. Kisha ukurasa wa daftari, skrini nzima, jina la Mwenyekiti juu na mwandiko wa Mama chini: "Kiuno asema 32. Ni 39. Mkatie 39, mwambie 32."

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililonitisha. Mwanachama mmoja akaanza kuzichunguza kucha zake. Bi Pini akavuka chumba, akaitupia televisheni kipande cha bitana. Mwenyekiti akachukua mkoba wake, akatoka, na wale watano nyuma yake.

Ijumaa, 7 Machi

Mama hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alishona mpaka mchana, kisha akaisimamisha cherehani.

"Mtu akivua nguo mbele yangu," akasema, "ruhusa kanipa mimi. Hakukupa wewe, wala hilo boksi lako."

Nikamweleza habari za 999. Akanisikiliza hadi mwisho, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akauliza kama zile picha zinafutika. Nikazifuta mbele yake, zote. Kompyuta haikunizuia hata kidogo. 777 inaruhusu na hilo.

Jumamosi, 8 Machi

Mwenyekiti amerudi, peke yake, kupitia mlango wa uani. Mimi hakunisalimu. Akamwambia Mama anataka kupimwa upya.

Niliwaona kutoka nyuma ya marobota ya vitambaa. Mama akamzungushia futi kiunoni, akaisoma, akamtazama usoni kitambo.

"Thelathini na mbili, dada."

Mwenyekiti akasema, "Muongo mkubwa wewe," na mabega yake yakashuka. Wakacheka wawili hao mpaka Mwenyekiti akafuta machozi kwa ncha ya kitambaa cha sare. Oda imebaki. Bi Pini akaandika kitu daftarini, na nilipochungulia akaufunika ukurasa kwa kiganja.

Jumapili, 9 Machi

Nimefikiri siku nzima. Nilihangaika na folda, kumbe jambo lenyewe lilikuwa mtu na idhini yake. Maneno ya Mama nimeyaandika kwa mwandiko mzuri na kuyabandika ukutani, juu ya seva. Sitayasahau.

Lakini mwanamke huyu amekuwa akisema maneno kama yale miaka yote, na hakuna aliyeyahifadhi! Kwa hiyo nimebandika kinasa sauti kidogo nyuma ya kioo cha chumba cha kupimia. Mama sijamwambia. Akijua ataongea kwa kujibana.

Sauti zinakwenda moja kwa moja kwenye seva. Mwanzoni ilizikataa: huna ruhusa.

Nimeweka 777. Kwa muda tu.