Nani Anaua Mipira ya Remorke

Siku ya kwanza ya juma, 2/3/1953
Mupira ya remorke, ile gari ya mbao kamio inavuta nyuma, ilipasuka tena, kwenye kushuka Sake. Ya tatu. Nilikuwa juu ya mbao, nikajikuta chini ya mbao. Patron, muzungu wetu, alisema ingine ikipasuka, mulinzi wa remorke ataenda kuponda majiwe ya barabara. Mulinzi njo mimi. Sasa nani atanifikisha Sake kwa Libérata? Toka bibi yangu wa ndoa alikufa, ule mama muuza maharagi peke yake njo ananichekea. Lazima nijue nani anaua mipira.

Siku ya pili, 3/3
Ni Kabera, mupakizi wa mbao. Anataka nafasi yangu. Nilitembea mbele ya kamio kutafuta misumari yake. Nilipata moja! Nikaonyesha shofere, Floribert. Akasema: Papa, angalia kiatu yako. Nikaangalia. Kisigino haiko.

Siku ya tatu, 4/3
Nilinunulia Kabera pombe ya kasiksi, alewe, aseme kweli. Alikunywa yote. Akasema kweli: Libérata anamupikiaka kila siku ya soko.

Siku ya ine, 5/3
Asubui Floribert alijaza mipira upepo mpaka shati ikaloana. Muchana tukapumzika Mushaki. Nikagusa mupira: moto, ngumu, imevimba. Mimi nilichungaka ngombe Karuba, najua kuvimba. Ngombe ikivimba, usipotosha upepo itoke, inakufa. Nikafinya na kijiti pale pa kujazia, kama siku zote, mpaka ikalainika. Floribert alikuwa analala. Hawa mashofere hawana huruma.
Tukashuka. Paa! Mbao yote ndani ya maharagi ya Libérata. Nilishituka. Hata ile niliyotibu imekufa.

Siku ya posho, mwisho ya juma, 7/3
Patron alipasua ile mupira, akaonyesha ndani imeungua. Ati ilitembea na upepo kidogo, njo sababu. Wote wakakubali. Nilishangaa sana. Muzungu na masomo yake yote! Upepo kidogo namna gani, na mimi mwenyewe niligusa nikakuta imejaa, mbele ya kutosha ile upepo? Hawezi kuelewa mambo ya ngombe. Remorke wamepatia Kabera. Mimi, majiwe.

Siku ya kwanza ya juma, 9/3
Naponda majiwe pa Mushaki. Muchana remorke ikasimama karibu. Kabera juu ya mbao, Libérata pembeni yake na mufuko ya maharagi. Akaniuliza: Papa, hizo majiwe zinaivaka? Wakaenda kukula.
Nikagusa mupira. Moto, ngumu. Kabera afe kama anapenda. Lakini Libérata atapanda tena. Nikachukua kijiti. Na sababu ya Libérata, nikatosha upepo na ya mupira ya upande ingine.