Lori la Jeshi na Ng'ombe wa Mzee Marseli

Jumatatu, 1 Oktoba 1984

Leo mimi, Fabiani wa Bagara, hapa Babati, ni mtu mwenye lori. Si pikapu. Si trekta la kijiji lisilo na betri. Lori la jeshi! Magurudumu sita, kila moja linanifika kiunoni. Usukani uko kushoto. Rangi kijani, namba za jeshi bado zipo mbele na nyuma. Nimelitoa Arusha, kwenye mnada wa magari ya jeshi yaliyochoka.

Aliyeshinda mnada ni bwana mmoja Teodori. Aliniuzia palepale nje ya geti. Akaniambia nisubiri siku mbili aniandikie barua ya mauziano, maana karatasi ya mnada ina jina lake. Siku mbili! Mimi ni mtu wa kusubiri? Nikachukua karatasi kama ilivyo, nikaondoka.

Bagara nzima ilitoka kutazama. Jirani yangu Xavery, mtu wa mkokoteni wa ng'ombe, alilizunguka mara mbili akauliza linakula nini. Nikamwambia petroli. Akauliza nitaipata wapi, nchi nzima haina. Wivu tu! Mtu anayetazama mkia wa ng'ombe mwaka mzima ataelewa nini habari za injini?

Mke wangu, Mama Paskalina, alirudi kwenye mafiga yake. Anapikia nje, kwa sababu mabati ya jiko yameingia kwenye bei ya lori. Baiskeli nayo. Redio nayo. Na ng'ombe Madoa, pamoja na wanawe wawili, maksai.

Jumatano, 3 Oktoba

Niandike ukweli hapa, maana daftari hili nalificha kwenye gunia la mbegu. Madoa si wangu. Ni ng'ombe wa Mzee Marseli wa Dareda, rafiki wa marehemu baba. Kwetu mtu hawaweki ng'ombe wake wote zizini kwake. Mmoja anampeleka kwa rafiki, mwingine kwa shemeji. Wewe unayemfugia unakunywa maziwa na unachukua samadi. Ng'ombe na uzao wake ni wa mwenyewe. Na mambo hayo hayatangazwi. Ndiyo maana Xavery alipowanunua wote watatu alidhani ni wangu. Sikumdanganya. Hakuuliza.

Mpango wangu hauna kasoro. Lori linabeba mahindi ya watu, mimi namkomboa Madoa na wanawe kutoka kwa Xavery, Mzee hajui. Ana mguu mbovu, huonekana Babati mara moja kwa mwaka.

Leo zimekuja salamu. Mguu umepona! Atakuja mwisho wa mwezi kumwona Madoa. Wazee wengine hawana adabu, wanapona bila taarifa.

Mama Paskalina amesema niende Dareda leo hii, nipige goti, nimwambie Mzee ukweli kabla hajausikia kwa watu. Ushauri wa mtu anayepikia juani.

Jumamosi, 6 Oktoba

Safari ya kwanza. Namba za jeshi nimeziacha makusudi. Nani atalisimamisha jeshi? Nikavaa na kofia ya mgambo ya shemeji.

Kwenye kizuizi cha mazao mlinzi aliruka kutoka kwenye kigoda, akanyanyua mti, akapiga saluti. Nikamrudishia. Saluti yangu ilikuwa nzuri kuliko yake.

Kwenye njia panda alisimama Koplo Hatibu, trafiki, mtu wa Tanga, mkavu kama muwa uliokwisha kukamuliwa. Naye akapiga saluti. Halafu nikafanya kosa la kushuka. Aliiona kofia, akaliona shati, macho yakashuka hadi miguuni. Nilikuwa na kandambili, moja ya bluu na moja nyekundu. Akashusha mkono.

Basi akaanza kusoma makosa. Raia kutembelea namba za jeshi ni kosa. Gari la raia kuwa na rangi ya jeshi ni kosa. Usukani kushoto bila kibao nyuma cha kuwaonya wenzako ni kosa. Leseni yangu ni ya gari dogo, kosa. Nikamuuliza kama kuna kitu chochote mwilini mwangu ambacho si kosa. Akasema anafikiria.

Nikampa kipande cha sabuni, kitu ambacho hata mkuu wa shule hana. Alikinusa, akanirudishia, akasema huenda nikakihitaji mahabusu. Mtu wa namna gani huyu?

Akazing'oa namba kwa spana yake mwenyewe. Amesema lisajiliwe kwanza. Akiliona tena barabarani injini inanguruma kabla ya hapo, litalala kituoni. Kisha akanisindikiza nyumbani kwa baiskeli, yeye mbele, lori nyuma. Bila shaka Xavery alikuwa amekaa barazani kwake. Hakucheka. Alikohoa kwa muda mrefu.

Jumatatu, 8 Oktoba

Rangi haipo Babati. Haipo Arusha. Inawezekana haipo duniani. Nimechanganya chokaa na udongo mwekundu, nikapaka mwenyewe kutwa nzima. Nimepata rangi nzuri ya maharage.

Xavery alipita akasema inamkumbusha ndama anayeharisha. Asiyejua maana haambiwi maana.

Kibao cha usukani nimekiandika nyuma kwa mkaa, kwa herufi kubwa. Nafasi ilikwisha katikati ya neno, lakini mwenye akili atamalizia mwenyewe.

Ijumaa, 12 Oktoba

Nimekwenda Arusha kwa basi kusajili. Nimesimama njia nzima, mimi mwenye lori!

Karani wa usajili, mama mwenye miwani, alisoma karatasi yangu akauliza kama mimi ndiye Teodori. Nikasema ndiyo. Akaomba kitambulisho cha Teodori. Nikasema hapana.

Akaendelea. Namba ya fremu niliyoinakili si ile ya kwenye karatasi. Namba ya injini haifanani na yoyote kati ya hizo. Akavua miwani, akaniambia kwa upole kwamba kwa kadiri anavyoona nina magari matatu yaliyofungwa pamoja, sasa nimwambie nataka kusajili lipi. Watu kwenye foleni wakacheka. Washamba wa mjini!

Tena kuna ushuru. Jeshi liliingiza lori bila kulipa ushuru wa forodha. Likishakuwa la raia, raia analipa. Nikamwambia lori hili limetumikia taifa. Akasema ndiyo, na sasa ni zamu yangu.

Bwana Teodori nimeambiwa amehamia Mpanda. Amesahau kuniaga.

Jumatano, 17 Oktoba

Mvua ndogo imenyesha alfajiri. Maharage yote yametiririka uani. Lori ni la kijani tena, na kuku wangu ni wekundu.

Zimebaki wiki mbili Mzee Marseli aje. Mama Paskalina hasemi nami. Anasema na sufuria, kwa sauti, nisikie. Anaiambia sufuria kwamba mtoto wetu wa mwisho anakunywa chai ya rangi tangu mwezi uanze, na kwamba yeye hana uso wa kumtazama yule mzee.

Basi nimekaa kwenye usukani nikafikiri. Na nimepata! Hatibu alisema nini? Akisikia INJINI INANGURUMA. Gari linalovutwa na ng'ombe ni mkokoteni. Mkokoteni hauna namba, hauna ushuru, hauna leseni, hauli petroli. Sheria nzima nimeizunguka kwa kamba moja.

Tena kuna jambo tamu zaidi. Jumapili kuanzia saa nane mchana magari yote nchini ni marufuku kutembea, serikali inabana mafuta. Wenye malori yao wanalala. Nani atabeba watu? Fabiani! Kwaya ya kanisa letu inataka kwenda Mutuka kwenye sherehe ya kipaimara. Nimekubaliana nao, watanilipa magunia ya mahindi. Jumapili kama hiyo mara mbili tu, Madoa atarudi zizini.

Ng'ombe nimeazima kwa Xavery. Nilikwenda nikamwamkia vizuri, hata nikausifu mkokoteni wake. Ulimi uliniuma. Amekubali jozi mbili, kwa sharti awaswage mwenyewe.

Jumapili, 21 Oktoba

Naandika yote, kama yalivyotokea.

Tulitoka saa nane na nusu. Ng'ombe wanne mbele, Xavery pembeni na fimbo, mimi kwenye usukani na kofia yangu, kwaya nyuma ishirini na wawili wakiimba sauti zote. Barabara nyeupe, hakuna gari hata moja. Watu walitoka majumbani. Naungama nilipunga mkono. Mwendo ulikuwa wa konokono, lakini mwendo wa heshima.

Tulipokaribia Mutuka mzee mmoja alikuwa amesimama katikati ya barabara na mkongojo. Xavery akasimamisha. Mimi nikapiga honi. Haikulia, betri imekufa.

Alikuwa Mzee Marseli! Amekuja kwenye kipaimara cha mjukuu wake. Mwisho wa mwezi gani huu, tarehe ishirini na moja?

Hakuniangalia. Alikwenda kwa ng'ombe wa mbele, wale wawili. Akashika sikio la mmoja, akalipapasa pale penye mkato. Mkato ule aliukata mwenyewe, kwangu, mbele ya macho yangu. Akashika na la mwenzake. Ng'ombe wanne wapo wa kuazima, na mjinga Xavery akawafunga wana wa Madoa mbele!

Nikashuka, nikasema shikamoo. Akaitika marahaba, taratibu, bado ameshika sikio. Akauliza Madoa hajambo. Nikasema hajambo sana, yuko nyumbani anacheua. Xavery, ambaye hajawahi kunyamaza penye faida, akasema kwa mshangao mbona Madoa yuko zizini kwake, si nilimuuzia pamoja na hawa?

Kwaya ikaacha kuimba. Sauti ya tatu ilichelewa kidogo.

Ndipo Hatibu akafika na baiskeli yake. Nikamwambia injini imezimwa, huu ni mkokoteni. Alilizunguka lori. Akasema gari ni gari hata likivutwa na punda wa Bethlehemu. Halijasajiliwa, ni Jumapili baada ya saa nane, na watu ishirini na wawili wamepanda lori la mizigo. Akasoma na kile kibao nyuma, akauliza neno la mwisho ni nini.

Akaamuru livutwe mpaka kituoni. Mzee Marseli akasema, kwa adabu kabisa, kwamba maksai wake hawavuti tena. Akawafungua nira mwenyewe. Basi lori likabaki katikati ya barabara, na Hatibu akaongeza kosa la kuegesha vibaya.

Kwaya ilimaliza safari kwa miguu. Mahindi sikuyaona.

Jumatano, 24 Oktoba

Wazee wamekaa leo, uani kwangu, kivulini mwa ukuta wa jiko lisilo na paa. Wamesema Madoa na wanawe warudi kwa Mzee Marseli. Xavery asipate hasara, achukue lori. Mimi nitoe debe la pombe ya asali kwa kuvunja amana. Faini za Hatibu ni juu yangu mwenyewe.

Nilijitetea. Nikasema nilitaka maendeleo. Mzee mmoja akauliza maendeleo ya nani.

Halafu Mzee Marseli akazungumza. Akasema wiki ile baba alipozikwa alimleta Madoa hapa kwa miguu kutoka Dareda, siku mbili, ili wajukuu wa rafiki yake wasikose maziwa. Akasema kama ningekwenda kumwomba, angeniruhusu kuuza maksai mmoja. Hakupandisha sauti. Akasema ng'ombe wake hatalala tena kwenye boma hili. Akamuaga Mama Paskalina kwa mikono miwili, mimi akanipita.

Niliona aibu. Naandika kwa sababu hakuna atakayesoma. Niliona aibu sana, na mama watoto alilia mbele za watu.

Lakini na yeye Mzee, maksai mmoja angenifikisha wapi? Mlango wa lori?

Jumamosi, 27 Oktoba

Xavery amelichinja lori. Ekseli na magurudumu ameviweka kwenye mkokoteni wake, sasa unabeba mara mbili na hauna trafiki wa kuuliza. Ananipungia mkono akipita. Mtu asiye na wazo hata moja la kwake kichwani! Turubai la lori Mama Paskalina aliliomba, akapewa, akaezekea jiko. Mvua inanyesha na yeye anapika pakavu. Amesema hicho ndicho kitu pekee cha maana nilichowahi kuleta kutoka Arusha.

Nimekaa nimetafakari, na nimegundua kosa langu lilikuwa wapi. Barabara! Barabara imejaa sheria. Leo kondakta wa basi la Arusha ameniambia mwezi ujao jeshi litapiga mnada mashua za bati za kuvukia mito. Mashua! Ziwa letu hili hapa, na sijawahi kuona trafiki amesimama majini. Mashua haina usukani wa kushoto. Viboko wataizoea. Safari hii nitasubiri hata barua ya mauziano, zile siku mbili.

Kinachokosekana ni mtaji. Lakini nasikia kule Nakwa mjane mmoja, Mama Eliakunda, mgeni asiyetujua, ana ng'ombe wawili na anatafuta mtu mwaminifu wa kumfugia.

Nimefua shati jeupe kwa ile sabuni ya Hatibu. Kesho baada ya misa naenda kumwamkia.