Kivuko cha Malori Mia Nne

Jumatatu, 3 Juni
Mkurugenzi katugawia kazi. Kila mmoja atengeneze modeli yake kwenye kompyuta, ionyeshe nchi itapata hasara gani daraja kubwa la barabara kuu likifungwa na malori yakakosa njia. Ijumaa tunawasilisha. Atakayeng'ara ndiye mkuu wa kitengo. Yaani mimi! Tatizo ni Taratibu, jirani yangu wa meza, tuliyempa jina hilo kwa mwendo wake. Asubuhi kaniuliza kama nimelala salama. Anataka kujua ili iweje? Nimefunika kompyuta kwa koti.

Jumanne, 4 Juni
Modeli imekamilika, tamu! Daraja likifungwa, unga unapanda bei, saruji inapanda, viwanda vinalala. Taratibu kapita nyuma yangu tena na tena, eti anaenda chooni. Tumbo gani hilo? Nimemtega. Kivuko cha pale mtoni hubeba malori manne kwa safari. Nimeandika mia nne. Nikachapisha, karatasi nikaziacha makusudi kwenye printa. Mwizi ataiba, Ijumaa ataumbuka, kisha mimi narudisha namba yangu kimya kimya. Nimemweleza mke wangu. Akauliza kwa nini nisifunge droo tu. Hajui vita huyu.

Jumatano, 5 Juni
Taratibu kaniletea karatasi mezani, zimepangwa, zimebanwa pini. Eti nilizisahau. Pini! Mtu asiye na hatia anabana pini ya nini? Kanasa.

Alhamisi, 6 Juni
Kanivuta pembeni. "Ndugu yangu," kasema, "hebu itazame tena ile namba ya kivuko."
Kumbe kasoma! Anataka niisahihishe ili ajue ipi ni ya kweli, ainakili. Mimi si mtoto wa jana. Sigusi kitu mpaka aanguke.

Ijumaa, 7 Juni
Nimemsihi Taratibu atangulie. Mkurugenzi kaniita mimi. Namba ilikuwa bado haijarudi! Mchoro ukatokea ukutani, mkubwa kama mlango: daraja linafungwa, malori yanapanda kivuko, unga unashuka bei, nchi inatajirika. Mkurugenzi kauliza kwa upole kama nashauri tubomoe madaraja yote. Mhasibu alicheka mpaka akatolewa nje. Kisha Taratibu akaonyesha ya kwake. Malori manne, foleni mpaka mjini, hasara ya kutisha. Hakuchukua hata nukta yangu. Ndiye mkuu wa kitengo. Imeniuma, nisijidanganye.

Jumamosi, 8 Juni
Sijapata usingizi. Kwa nini hakuiba? Jibu ni moja: alionywa. Waliojua mtego ni mke wangu na shajara hii. Mke wangu hawezi, huwa hanisikilizi. Basi kuna anayenichungulia humu. Haya, tuone! Nimeshapenyeza uongo mmoja katika kurasa za wiki hii. Atakayeutaja ofisini ndiye mwizi. Mke wangu kauliza ni uongo upi. Nautafuta tangu asubuhi, siuoni.